Katuni za Wajapani na Bendera ya Antananarivo

Katika mwezi wa Septemba mwaka 2025, vijana wa Madagaska, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, waliingia katika barabara za Antananarivo kulalamikia kukatika mara kwa mara kwa maji na umeme. Watu kadhaa walipoteza maisha yao, Baraza la Mawaziri likavunjwa, na ilipofika katikati ya Oktoba jeshi likashika madaraka ya nchi. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa sana, na si makusudio yetu kuyarejea leo. Tunataka kuzungumza juu ya kitambaa kimoja walichokibeba vijana wale. Kilikuwa cheusi, kimechorwa fuvu la kichwa na mifupa miwili iliyopishana, na fuvu hilo limevishwa satroka, kofia ya kienyeji ya Kimalagasi. Bendera hiyo haikuwa ya chama cho chote cha siasa. Asili yake ni hadithi ya katuni ya Kijapani iitwayo One Piece, na mwenye bendera hasa ni kijana wa kubuni, haramia avaaye kofia ya pama, ambaye watoto wa nchi nyingi wamekua naye.

Mwezi mmoja kabla ya hapo bendera hiyo hiyo ilikuwa imepepea Indonesia, katika magari ya mizigo na mbele ya nyumba za watu, wakati taifa hilo likijiandaa kuadhimisha miaka 80 ya uhuru wake tarehe 17 Agosti. Katika Septemba ile ile ilitundikwa katika lango la Singha Durbar, makao ya Serikali ya Nepal mjini Kathmandu, majengo yenyewe yakiungua. Baadhi ya wakubwa wa Indonesia waliiona kuwa ni njama ya kuligawa taifa, wakaonya kwamba wanaoipandisha wanaweza kushitakiwa. Swali lililoulizwa katika ofisi nyingi lilikuwa moja: ni nani aliye nyuma ya bendera hii?

Sisi tunaona kwamba swali hilo halimfikishi mwulizaji po pote. Lenye faida ni jingine. Imekuwaje hadithi iliyochorwa kwa wino huko Japani, kwa ajili ya watoto wa shule wa Kijapani, ikawa ndiyo lugha wanayoelewana nayo vijana wa Java, wa Himalaya na wa Madagaska, watu wasiojuana kwa sura wala kwa maneno? Na lipo jambo la pili ambalo aghalabu husahauliwa: katika safari yote hiyo, nani amelipwa?

Wajapani huviita vitabu vyao vya hadithi za picha manga, na filamu zake anime. Msomaji wa Unguja au Pemba asitaharuki. Neno hilo halihusiani hata kidogo na Manga yetu, walikotoka Wamanga kwa majahazi ya msimu. Ni kufanana kwa matamshi tu, na ili tusimchanganye mtu, hapa tutasema katuni.

One Piece ilianza kuchapishwa mwaka 1997 katika gazeti la kila wiki liitwalo Shonen Jump, na mchoraji wake, Eiichiro Oda, anaiendeleza mpaka leo. Mwaka 2022 ilihesabiwa kuwa nakala za vitabu vyake zilikuwa zimepita milioni 516. Hadithi yenyewe ni ya baharini. Luffy na wenzake wanasafiri kutoka kisiwa hata kisiwa, kila kisiwa na mila zake na dhuluma zake, na juu ya visiwa vyote imekaa Serikali ya Dunia, yenye majeshi yake ya majini na magereza yake, na yenye ukoo wa watukufu wanaojiona kuwa si binadamu kama wengine. Kimo kisiwa kimoja, Ohara, ambacho Serikali hiyo ilikiteketeza pamoja na wanazuoni wake kwa kosa la kuichunguza karne moja ya historia iliyokatazwa. Afisa anayestaajabu kwa nini vijana waliichagua bendera hii na wakaiacha picha ya mwanasoka au ya mwimbaji, angepata jibu lake kwa kuisoma hadithi hiyo siku mbili tatu. Hatusemi aipende.

Yafaa ieleweke namna hadithi kama hizi zinavyotengenezwa, maana hapo ndipo penye siri yenyewe. Gazeti la Shonen Jump lilianzishwa mwaka 1968. Ndani yake huwekwa kadi ya posta, na mtoto msomaji huombwa ataje hadithi tatu zilizompendeza kuliko nyingine. Kadi hizo huhesabiwa. Hadithi isiyopata kura huondolewa, mara nyingine baada ya wiki kumi tu, ingawa mhariri mwenyewe aliipenda na mchoraji wake alikesha usiku kucha akiichora. Bei ya gazeti ilikuwa ndogo, kiasi cha mtoto kuweza kulinunua kwa fedha zake za mfukoni, na mwanzoni mwa mwaka 1995 lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Kwa hiyo kilichovuka bahari kilikuwa kimekwisha kupepetwa nyumbani, na waliokipepeta walikuwa watoto. Hakuna aliyekaa katika ofisi akajiuliza, “Tuwachoree nini Wamalagasi?” Walichorewa Wajapani, na wengine wakasogea kutazama.

Mwanzo wa mambo yote haya ulikuwa ni ufukara. Japani ilipotoka katika vita mwaka 1945 miji yake ilikuwa majivu, na karatasi nzuri ilikuwa adimu. Katika Osaka wachapishaji wadogo walitoa vijitabu vya katuni vya bei rahisi, vya karatasi duni, na kwa wasioweza kununua yalikuwako maduka ya kuazimisha vitabu kwa ujira mdogo. Hapo ndipo alipoinukia Osamu Tezuka, kijana aliyesomea udaktari, ambaye kitabu chake cha mwaka 1947 kiliwashangaza watoto kwa sababu picha zake zilikwenda kama sinema. Tarehe 1 Januari 1963 katuni yake ya mtoto wa chuma, Astro Boy, ilianza kuonyeshwa katika televisheni. Tezuka alikubali kulipwa kwa kila kipindi fedha iliyo chini ya gharama ya kukitengeneza. Ili asifilisike alipunguza idadi ya picha, akarudia zile zile mara nyingi, na upungufu akaujaza kwa fedha za viwanda vilivyotaka kutumia sura ya mtoto yule. Kampuni ya peremende ya Meiji ilitia vibandiko vyake ndani ya chokoleti zake, na watoto wakazigombania. Katika mwaka ule ule Wamarekani nao walianza kuionyesha katuni hiyo.

Tunaomba msomaji aushike mpango huo wa Tezuka, kwani ndio uliobeba kila kitu kilichofuata, uzuri wake na ubaya wake. Filamu yenyewe iliuzwa kwa hasara. Sura ya mtoto ndiyo iliyoleta fedha. Hata hivyo studio yake, Mushi Production, ilifilisika mwaka 1973. Tutarudi kwenye jambo hili.

Wako wanaodhani kwamba burudani hii imependwa kwa sababu ni nyepesi na haina maana. Historia haikubaliani nao. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini katika Bahari ya Pasifiki. Chombo cha Kijapani cha kuvua jodari, Daigo Fukuryu Maru, kilikuwa na wavuvi 23, nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Majivu meupe yakawaangukia kama mvua kwa saa nyingi. Wote waliugua, na mpiga simu za upepo wa chombo hicho akafariki mwezi Septemba. Jodari waliokwisha kufikishwa masokoni ikabidi wafukiwe, na watu wa pwani wakaogopa kula samaki. Tarehe 3 Novemba ya mwaka ule ule ikatolewa filamu ya Godzilla. Wengi wetu tunamjua Godzilla kwa mbio na kishindo, dubwana linalokanyaga majumba. Lakini filamu ile inaanza na chombo kinachoangamia baharini kwa mwanga wa ghafla, na wanaoumia mwanzo ni wavuvi wa kisiwa kidogo. Mjapani aliyeitazama mwaka 1954 hakuhitaji kuelezwa. Wamarekani walipoichukua mwaka 1956 walimtia ndani yake mwandishi wa habari wa Kimarekani, wakakata sehemu kubwa ya maneno yaliyohusu bomu, na ndivyo ilivyozunguka katika nchi nyingi. Watu wa visiwa, ambao aghalabu ndio wanaochaguliwa bahari zao zifanyiwe majaribio ya wakubwa, wangefaidika kuitazama ile ya asili.

Katika miaka ya 1970 vituo vya televisheni duniani vilikuwa na saa nyingi za kujaza na fedha kidogo za kuzijazia. Hata sisi Visiwani, tulioanza kutazama televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo, miaka ishirini hivi kabla ya Bara, tunaijua vizuri hesabu hiyo: kununua kipindi cha kigeni ni rahisi kuliko kutengeneza chako. Wajapani waliuza kwa bei nafuu, kwa kuwa gharama zao zilikuwa zimekwisha kurudi nyumbani. Heidi ya mwaka 1974, hadithi ya msichana wa milima ya Uswisi, ilichorwa Tokyo ikaliza watoto wa Ulaya. Mwaka 1978 katuni ya roboti kubwa iitwayo Grendizer iliingia Ufaransa na Italia kwa majina mengine. Baadaye kidogo ikatiwa sauti za Kiarabu huko Beirut, wakati Lebanon yenyewe ikiwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kutoka hapo ikaenea katika Ghuba yote. Ndugu zetu walioko Maskati na Dubai, wenye umri wa miaka hamsini hivi sasa, wanaijua.

Ikafuata Captain Tsubasa, katuni ya mtoto mcheza mpira, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1981. Wakati huo Japani haikuwa hata na ligi ya mpira ya kulipwa. Ligi hiyo ilianza mwaka 1993, na timu yao ya taifa ikafika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Nchi za Kiarabu zilimwita mtoto huyo Majid, na watoto wengi hawakujua kabisa kwamba ni Mjapani. Fernando Torres, aliyekuja kuichezea Hispania, amekwisha kusema kuwa katuni hiyo ndiyo iliyomtia hamu ya mpira. Na Wajapani walipopeleka askari wao wa kujihami Samawah, kusini ya Iraq, mwaka 2004, magari ya maji yaliyotolewa kwa msaada wao yalibandikwa picha za Majid. Hapo ndipo Serikali ya Japani ilipotambua kwamba mtoto wa karatasi alikuwa na heshima ambayo balozi hana. Lakini haikumtengeneza yeye, ilimkuta.

Mara moja tu, kwa tunavyoona sisi, Serikali ile ilifanikiwa kwa mkono wake katika jambo hili, na hapo pia kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanywa kwa ajili ya watu wa nyumbani. Oshin ni mchezo wa televisheni wa shirika la utangazaji la NHK, ulioonyeshwa kila asubuhi tangu Aprili 1983 hata Machi 1984, vipindi 297, juu ya maisha ya binti wa mkulima maskini aliyetolewa kwao akiwa mdogo kwenda kuwa mtumishi. Kuna siku ulitazamwa na zaidi ya asilimia 62 ya nyumba zenye televisheni. Kwa njia ya taasisi yake ya utamaduni, Serikali iliutoa bila ya malipo kwa nchi nyingi zinazoendelea, nao ukaonyeshwa katika nchi zaidi ya 60. Iran iliutazama wakati wa vita vyake na Iraq, na mpaka leo nguo za mitumba huko huitwa tanakura, kwa jina la duka la ukoo alioolewa Oshin. Hatudhani kwamba ofisi yo yote ya uenezi ingeweza kulipanga jambo kama hilo. Wairani waliuona umaskini wa Oshin wakaujua, na neno wakalitia katika masoko yao.

Nchi nyingine zilijaribu kufunga mlango. Korea ya Kusini, yenye machungu ya haki ya kutawaliwa na Wajapani tangu mwaka 1910 hata 1945, ilizizuia filamu na nyimbo zao mpaka Oktoba 1998, Rais Kim Dae-jung alipoanza kufungua hatua kwa hatua. Katika miaka mingi ya katazo katuni za Kijapani zilisomwa Seoul katika nakala za wizi, na mchoraji hakupata hata senti moja. Ufaransa ilisikika sauti za ukali mwishoni mwa miaka ya 1980, wanasiasa wakidai kuwa katuni hizo zinawaharibu watoto. Mwaka 2021 Serikali ya nchi hiyo hiyo ilipowapa vijana wa miaka 18 euro 300 kila mmoja wazitumie kwa mambo ya utamaduni, walinunua katuni za Kijapani kwa wingi hata magazeti yakaufanyia dhihaka mpango mzima. Saudi Arabia mwaka 2001 ilitoa fatwa dhidi ya Pokémon, kwa hoja ya kamari na ya alama zisizofaa. Mwaka 2022 sanamu ya Grendizer yenye urefu wa zaidi ya mita 33 ilisimamishwa mjini Riyadh, na Machi 2024 ilitangazwa kuwa bustani kubwa ya michezo ya Dragon Ball itajengwa Qiddiya, jirani na mji huo. Wasaudi sasa wana kampuni yao wenyewe, Manga Productions, ambayo mwaka 2021 ilitoa pamoja na studio ya Toei ya Tokyo filamu ya katuni juu ya Makka ya kale. Waliokuwa watoto mbele ya televisheni ndio waliokalia viti sasa.

Basi mtu atasema, kama mlango haufungiki, na tutoe fedha tujenge wa kwetu. Japani yenyewe imetupa mfano wa jambo hilo, na si mfano wa kufurahisha. Walipoona sifa inakua, wakubwa wa Tokyo walifungua ofisi mwaka 2010, na Novemba 2013 wakaanzisha mfuko wa Serikali na wa makampuni uitwao Cool Japan. Mfuko huo ulitia fedha katika duka la fahari huko Kuala Lumpur, lililofunguliwa mwaka 2016, kisha ukauza hisa zake mwaka 2018. Ulitia fedha katika vitega uchumi vingine ambavyo wachoraji wenyewe hawakuviomba, na ilipofika mwaka 2022 hasara yake yote ilikuwa imepita yen bilioni 30. Wakati huo huo filamu ya Demon Slayer, iliyotolewa mwaka 2020 katikati ya maradhi ya korona bila ya kusubiri mkono wa mfuko huo, iliingiza nchini Japani peke yake zaidi ya yen bilioni 40, kiasi ambacho hakijapata kuonekana katika majumba ya sinema ya nchi hiyo.

Nani analipwa, basi? Mwaka 2023 biashara ya filamu za katuni za Kijapani ilifikia zaidi ya yen trilioni 3.3, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ilitoka nje ya Japani. Serikali yao sasa imejiwekea shabaha ya kuuza ng'ambo burudani za kila namna za thamani ya yen trilioni 20 ifikapo mwaka 2033. Ukizisoma hesabu hizo utadhani kila mwenye kalamu ya risasi Tokyo anakula kwa kijiko cha dhahabu. Sivyo. Filamu nyingi huundiwa kamati ya wenye mtaji: mchapishaji, kituo cha televisheni, kampuni ya matangazo, kiwanda cha vitu vya kuchezea. Kamati ndiyo inayomiliki sura na jina. Studio inayochora hulipwa ujira wa kazi, mara nyingi bila ya fungu katika faida, nayo humlipa mchoraji kwa idadi ya picha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu na biashara waliitembelea Japani mwaka 2023, na katika taarifa yao ya mwaka 2024 waliwataja wachoraji hao wa katuni, ujira wao mdogo, saa zao nyingi za kazi na mikataba isiyowalinda. Hiyo ndiyo ile deni ya mwaka 1963 inayoendelea kulipwa na wajukuu wa Tezuka kwa kazi, wakati utajiri uko kwenye vibandiko.

Tukitaka mfano mwepesi zaidi tumtazame Daisuke Inoue. Alikuwa mpiga muziki katika vilabu vya Kobe, na mwaka 1971 alitengeneza mashine ya kumpigia muziki mtu anayetaka kuimba mwenyewe. Leo karaoke iko katika hoteli za dunia nzima. Inoue hakuiandikisha hataza. Aliyekuja kupata hataza ya mashine ya namna hiyo, katika miaka ya 1980, ni Mfilipino, Roberto del Rosario. Mwaka 2004 Inoue alialikwa Marekani akapewa tuzo ya mzaha, watu wakamshangilia kwa kusimama.  Kwa masimulizi yote alikuwa mtu mchangamfu asiyejutia, na hilo ni la kumsifu, lakini halibadilishi hesabu.

Sasa tuje nyumbani. Uhusiano wetu na viwanda vya Kijapani ni mkongwe kuliko katuni. Katika miaka ya kati ya vita viwili vikuu, na tena baada ya vita vya pili mpaka viwanda vya kwetu vilipoanza kusimama katika miaka ya 1960, sehemu kubwa ya kanga walizojifunga mama zetu ilipigwa chapa Japani. Michoro na misemo ilipelekwa kutoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Mafundi wa huko, wasiojua neno moja la Kiswahili, wakaichapa herufi kwa herufi, na mara nyingine wakakosea. Kitambaa kilikuwa cha Mjapani, lakini hakuna aliyefikiri kuwa mwanamke wa Ng'ambo au wa Wete anayemfumba jirani yake kwa kanga anatumia utamaduni wa Kijapani. Vijana wa Antananarivo walipoivua bendera kofia ya pama na kuivisha satroka walifanya jambo la ukoo huo huo. Ndiyo maana hatuna hofu kubwa na wale wanaolia kwamba vijana wetu watageuka Wajapani kwa kutazama katuni.

Hofu yetu iko mahali pengine. Katika kanga Mjapani aliuza kitambaa, akalipwa mara moja, biashara ikaisha. Katika katuni anauza kitu kisichokwisha: ruhusa ya kuitumia sura. Fulana, daftari la shule, mchezo wa simu, filamu, bustani ya Qiddiya, kila mmoja hulipa upya. Wachina nao wamekwisha kuifahamu faida ya kusikika katika nyumba za watu. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilionyesha mchezo wao uliotiwa sauti za Kiswahili, na ulipendwa. Sisi tuna nini ambacho wenzetu wakikitumia watatulipa, na kimeandikwa kwa jina la nani? Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri za kampuni ya kigeni, na sauti hiyo ikasikika pwani yote. Taarabu yetu huchezwa leo katika harusi za Maskati, Nairobi na London. Hadithi za Sungura na Abunuwasi ziko katika kila kichwa cha mtoto, na hakuna gazeti la kila wiki, la bei ya peremende mbili, linalomwomba mtoto huyo aseme ipi imempendeza.

Zanzibar inayo Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 2003, na chombo cha kuisimamia kipo. Tunawaomba wakubwa wanaohusika wasianze kwa kujenga jumba wala kwa kuunda mfuko wenye jina la kuvutia. Waanze na daftari. Waandikishwe watunzi, wachoraji na wapigaji wakiwa hai, pamoja na kazi zao, na redio, hoteli na vituo vya televisheni vinavyozitumia vitozwe mrabaha, nao mrabaha huo umfikie mwenyewe katika mwaka ule ule. Gharama yake si kubwa; inataka makarani waaminifu na wakaguzi wasiopokea chai. Tungependa pia shule zetu zipewe nafasi ya kutoa gazeti dogo la hadithi za picha kwa Kiswahili, la karatasi duni kama ile ya Osaka, na watoto waachiwe wapige kura zao bila ya Wizara kuwachagulia.

Na kwa kuwa tumezitaja kanga, daftari hilo lingefaa kuanza nazo. Katika pindo la kanga nyingi limepigwa jina la mfanyabiashara aliyeiagiza, pamoja na namba yake ya chapa, tangu siku zile za viwanda vya Japani mpaka hivi leo. Jina la mtu aliyeutunga msemo halimo.